Nondo ziko wapi ndani ya slabu? Zijue kabla fundi hajawasha drili

Marahaba mdogo wangu, na umefanya jambo la maana sana kumsimamisha fundi kwanza ukauliza. Nilirudie swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate: una nyumba ya ghorofa moja kule Mbezi Beach, unataka kuongeza choo kwenye chumba cha juu ambacho hakikujengwa na choo, kwaiyo bomba la inchi nne lazima lishuke lipite kwenye slabu, yani ile sakafu ya zege ya juu. Fundi kasema atatoboa na akikutana na nondo ataikata na grenda, "nondo moja haina shida". Wewe unauliza kama kuna namna ya kuziona nondo bila kubomoa zege.

Ipo, tena zaidi ya moja, na nyingine hazina gharama yoyote. Lakini nianze na hilo neno la "nondo moja" maana ndilo linaloniuma. Chukua slabu ya kawaida ya nyumba zetu, nondo za milimita 12 kila baada ya milimita 150. Ndani ya upana wa mita moja una nondo sita au saba zinazobeba mzigo, chuma jumla kama milimita za mraba 754, na kila nondo ni 113. Ukikata moja umeondoa asilimia 15 ya nguvu ya hiyo mita. Slabu inaweza kuvumilia, mzigo ukahamia kwa jirani. Shida ni kwamba fundi mwenye tindo na nyundo hatoboi tundu la inchi nne, anatoboa dirisha la sentimita 25 kwa 25 ili mkono upite, na hapo unakuta amekata mbili upande huu, moja au mbili upande ule, na kama kuna nondo za juu nazo zimeenda, alafu zege la pembeni limepata nyufa kwa kugongwa. Ndo maana nasema tundu lipangwe kwa kufuata nondo, sio nondo zikatwe kwa kufuata tundu.

Sasa kabla ya mashine yoyote, tuanze na jinsi nondo zinavyopangwa, maana chombo bila kujua unachokitafuta kitakudanganya tu. Slabu ikikaa juu ya bimu au kuta, katikati yake inataka kubonyea chini, kwaiyo upande wa chini ndio unaovutika, na zege halijui kuvutwa, chuma ndicho kinajua. Kwaiyo katikati ya chumba nondo kuu ziko chini, na kwa kawaida zinafuata upande mfupi wa chumba. Chumba cha mita 3.5 kwa 5, nondo kuu zinavuka ile 3.5. Juu yake zimelala nondo za kusambaza zinazofuata ule urefu. Ukisogea kwenye bimu, pale slabu inapopita kwenda chumba cha pili, mambo yanageuka, sehemu inayovutika inakuwa juu, na ndipo utakuta nondo za juu zinaanzia kwenye bimu zikiingia ndani ya chumba kama robo mpaka asilimia 30 ya urefu wa kuvuka. Ukilijua hili peke yake tayari umejua kwamba karibu na bimu utapambana na tabaka mbili, za juu na za chini, na ukitoka hapo kwenda katikati mara nyingi unabaki na za chini tu.

Kava, yani unene wa zege unaoifunika nondo, kwenye slabu huwa inaandikwa 20 au 25, bimu kama 25 mpaka 40, nguzo 40, msingi 50 na kuendelea. Hiyo ni kwenye karatasi. Siku ya zege watu wanapita na karai kichwani wanakanyaga nondo, vile vidonge vya zege vya kunyanyulia nondo vinapasuka au havikuwekwa kabisa, nondo inalala kwenye ubao. Nimeshaona slabu moja kava upande huu ni milimita 10 na upande ule 45. Kwaiyo usimwamini mtu anayekwambia "nondo ziko kila 150 pima tu kutoka ukutani uruke". Nafasi zinayumba, na nondo zenyewe hazinyooki kama rula.

Kitu cha kwanza kukitafuta ni michoro ya strakcha, yani ile ya injinia inayoonyesha nondo. Ukiona pameandikwa mfano 12Y12-03-150 B1, soma hivi: nondo 12, Y maana yake chuma kigumu chenye matuta matuta, unene milimita 12, namba 03 ni jina la nondo hiyo kwenye orodha, kila milimita 150, na B1 ni tabaka la chini kabisa. B2 ni lililolala juu yake, T1 na T2 ni za juu. Ukikosa michoro, tafuta picha. Na hapa naongea hasa na ndugu zetu wanaojenga wakiwa mbali: siku moja kabla ya kumwaga zege mwambie msimamizi apige picha nondo zote huku futi imelazwa juu yake na kona ya ukuta ionekane, uzitunze sehemu ambayo hata simu ikipotea zipo. Picha kumi za namna hiyo ni msaada mkubwa mno miaka kumi baadae. We angalia hata kwenye WhatsApp ya zamani na yule fundi aliyejenga, watu wengi wanazo na wamesahau.

Alafu angalia slabu yenyewe kutokea chini. Mbezi mko karibu na bahari, chumvi inaingia kwenye zege, nondo yenye kava ndogo inaanza kutu, na kutu ikivimba inasukuma zege. Ukiona mistari ya kahawia iliyonyooka kwenye dari, au nyufa zinazokwenda sambamba kwa nafasi zinazofanana, hizo ni nondo zinajitaja zenyewe. (Na kama zipo, kabla ya choo kuna kazi nyingine ya kushughulikia kwanza.) Kugonga na nyundo kusikiliza mlio hakukuonyeshi nondo, kunakuonyesha sehemu zege lilipoachia likawa na uwazi ndani, watu wanachanganya hivi vitu viwili.

Njia ya bure kabisa: sumaku. Sio ile ya kwenye mlango wa friji, tafuta zile ndogo zenye nguvu sana, hata kwenye hard disk mbovu ya kompyuta utaitoa. Kwenye ukuta ifunge kwenye uzi uipitishe taratibu, itavutika pale chuma kilipo. Chini ya dari huwezi kuining'iniza hivyo, unaishika kwa vidole viwili tu kilegevu na kusikia mvuto. Inafanya kazi kama kava ni senti mbili au tatu na plasta sio nene, zaidi ya hapo haisikii kitu. Simu pia ina kihisi cha sumaku, kile kinachofanya dira ifanye kazi, na kuna programu za bure zinazoonyesha namba kwa maikrotesla. Kwa huku kwetu sumaku ya dunia yenyewe inasoma thelathini na kitu, ukisogeza simu kwenye dari polepole na namba inapanda au kushuka ghafla halafu inarudi, hapo chini pana chuma. Jaribu kwanza kwenye msumari ujue kihisi kiko kona gani ya simu, kwa nyingi kiko upande wa juu. Sasa usije ukatoboa tundu la choo kwa kutegemea simu! Simu na sumaku ni za kukupa picha ya mwanzo, nondo zinaelekea wapi na zimeachana takriban kiasi gani, basi.

Chombo chenyewe cha kazi hii kinaitwa kavamita. Ndani kuna koili inayotengeneza uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi, uga ukikutana na chuma unazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya nondo na kile chombo kinausoma huo mrejesho. Zege, kokoto za kawaida na maji havimsumbui sana, ndo uzuri wake. Ila anayemshika inabidi ajue mambo kadhaa.

Kwanza, pima kutokea chini ya slabu kwa nondo za chini na kutokea juu kwa nondo za juu. Wengi wanakosea hapa, wanasimama juu kwenye marumaru wanapima wanasema hakuna kitu. Fanya hesabu: slabu ya 150, toa kava ya chini 25, toa nondo 12, kutoka juu ya zege mpaka kwenye nondo ni milimita 113, ongeza lile tabaka la kusawazishia la 50 na marumaru 10, umefika 173. Kwa kina hicho vyombo vingi vimeshafika mwisho, na hata kikisoma, nondo zilizoachana 150 zinaungana kwenye kioo zinaonekana kama kitu kimoja, maana kina kimezidi nafasi iliyopo kati yake. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba ili zitenganishwe vizuri nafasi kati ya nondo na nondo iwe kubwa kuliko kava. Ukitokea chini kava ni 25 nafasi ni 150, zinaonekana safi kabisa.

Pili, kama una dari ya jipsam iondoe hiyo sehemu, zile fremu za bati na skrubu zitakuchanganya, na kama plasta iliwekewa waya wa kuku ndani ndo usiseme, chombo kitapiga kelele kila mahali.

Tatu, utaratibu. Kiseti chombo hewani mbali na chuma chochote, weka unene wa nondo unaotegemea, anza kutembea kukatisha nondo za nje kabisa, yani B1, polepole. Mlio ukifika kilele weka alama ya chaki, sogea nusu mita pembeni rudia, upate alama tatu nne kwa kila nondo ndipo uziunganishe mstari, kwa sababu nilishasema hazinyooki. Ukimaliza hizo ndipo utafute za pili, B2, na hizo unazitafuta ukiwa unatembea katikati ya nondo mbili za kwanza, sio juu ya nondo, la sivyo mlio wa ya nje unaifunika ya ndani. Ukiona sehemu kava inasoma ndogo ghafla kama nondo imenenepa, mara nyingi hapo ni maungio, nondo mbili zimelala pamoja. Ukimaliza una mtandao wa chaki kwenye dari kama madirisha ya wavu, na tundu lako linatafuta dirisha moja la kukaa.

Usomaji wake sio wa sindano. Kwenye saiti, hata mtu anayejua kazi, kosa la milimita 5 au zaidi ni la kawaida, na kina kikiongezeka kosa linaongezeka. Iweke akilini hiyo namba tutaihitaji.

Kuna na rada ya zege. Hii inatuma mawimbi ya redio ndani ya zege na kusikiliza yanavyorudi, masafa ya gigahezi moja mpaka mbili na kitu, inaona sentimita 30 au 40 kwenye zege kavu. Unaisukuma kama kigari na kila nondo inatokea kwenye skrini kama upinde, kwa sababu kigari kinaanza kuiona nondo kabla hakijaifikia, umbali mrefu, kinafika juu yake umbali unakuwa mfupi, kikipita unarefuka tena, kilele cha upinde ndo nondo ilipo. Uzuri wa rada ni vitu viwili: inaona tabaka la juu na la chini kwa pamoja kutokea upande mmoja, na inaona mabomba ya plastiki, kitu ambacho kavamita haikioni. Udhaifu wake ni maji na chumvi, zege bichi au lililolowa linameza mawimbi, na kina inachokitaja ni cha kukadiria, maana inapima muda sio umbali. Kwenye hewa wimbi linakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde, kwenye zege kavu kama 10, likilowa linapungua zaidi, kwaiyo opareta lazima airekebishe kwa kina kimoja anachokijua. Unene wa nondo usimuulize rada, hapo kavamita ni bora. Kwa kazi yako ya tundu moja sidhani unahitaji rada, labda kama ungekuwa kwenye jengo la maghorofa.

Picha za mionzi zipo pia, wanatumia chanzo kama iridiamu 192 upande mmoja na filamu upande wa pili, watu wote watoke, na kwa Tanzania vyanzo vya mionzi vinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwa nyumba ya kuishi sahau.

Nimetaja plastiki. Kwenye slabu zetu mafundi umeme wanalaza mabomba yao ya nyaya juu ya nondo za chini kabla ya zege, yanatoka kwenye boksi la taa kwenda ukutani kwenye swichi. Simama chini angalia taa na swichi, vuta mistari kichwani, tundu lako likae mbali nayo, na siku ya kutoboa zima swichi kuu ya nyumba nzima. Nzima, sio ya chumba.

Na hakikisha kwanza slabu yako ni ya zege tupu. Kama ni ile ya vibimu vilivyotengenezwa kiwandani na matofali katikati, vile vibimu vina nyaya zilizovutwa, usiviguse kabisa, tundu lipite kwenye tofali. Kwenye majengo makubwa kuna slabu zenye kebo zilizovutwa baada ya zege kukauka, ukiikata hiyo inaachia nguvu yote kwa mara moja na inaweza kuua mtu aliyeshika mashine, huko hakutobolewi bila injinia wa jengo na rada.

Haya, turudi kwenye tundu lako. Bomba la choo kwa nje ni milimita 110. Mashine ya koa, ile inayokata duara kwa biti ya almasi na maji, ina biti ya 125 au inchi tano ambayo ni 127. Kama nondo zako ni 12 kila 150, nafasi wazi kati ya nondo na nondo ni 138. Biti ya 127 inakuachia milimita tano na nusu kila upande. Sasa kumbuka lile kosa la kavamita, milimita 5. Umeona palivyobana? Inawezekana, lakini sio kwa kubahatisha. Kwaiyo fanya hivi: tafuta yale madirisha ya chaki, chagua lililo pana kuliko yote, kwa sababu nafasi hazilingani na karibu kila slabu ina sehemu nondo zimeachana 170 au 180. Sogeza choo senti kumi huku au kule kifuate dirisha, usilazimishe. Alafu hakiki: chukua tindo ndogo, fungua plasta na kava juu ya nondo moja ya pembeni kama ukubwa wa sarafu mpaka uione kwa macho, upime chaki yako imekosea kiasi gani na upande gani. Hiyo ndo hatua watu wanairuka na ndo inayoondoa kubahatisha, kidonda chenyewe unakiziba na zege la kuzibia jioni hiyohiyo.

Ukiridhika, toboa tundu la majaribio la milimita 8 katikati ya dirisha kutokea chini mpaka litokee juu. Hilo ndilo linakupa senta ukiwa juu. Fundi ashike drili kwa kusikiliza: vumbi linatoka jeupe au kijivu na biti inaingia, ghafla haiingii tena, mlio unabadilika unakuwa wa kengele, vumbi linakatika, acha hapohapo. Usimruhusu abadilishe biti ya chuma aendelee. Sogea senti moja na nusu uanze upya, kitundu cha milimita 8 kinazibika, nondo haizibiki. Likitokea juu safi, toboa vingine vinne kuzunguka ukingo wa duara la 127, vyote vikipita bila chuma ndipo koa iingie. Na utafute mwenye koa, tafadhali, hata kwa kukodi nusu siku. Koa haigongi, zege la pembeni linabaki zima.

Sehemu za kukaa mbali kabisa, hata kama kavamita imesema hakuna kitu: nguzo, usiiguse. Bimu, mafundi bomba wanapenda kupitisha bomba mle ili lisionekane, karibu na nguzo ndipo ringi, vile vyuma vinavyozizunguka nondo za bimu, zimebanana na ndipo bimu inabeba nguvu kubwa ya kutaka kuikata, tundu pale hapana. Na baraza inayoning'inia nje. Hii nitaisema kwa nguvu maana niliitwa kwenye nyumba moja kuikuta: baraza imetoka mita moja na nusu, fundi alitaka maji ya mvua yatoke, akatoboa sakafuni karibu na mlango, akakutana na nondo tatu akazikata. Baraza ya kuning'inia nondo zake zinazobeba ziko juu, sio chini, na zinafanya kazi kubwa kuliko zote hapohapo mlangoni inapoungana na nyumba. Tulikuta ufa umefunguka mlangoni kote na marumaru zimenyanyuka, watoto walikuwa wanacheza pale. Tuliipiga nguzo za muda chini siku hiyohiyo. Kwaiyo choo chako kisiende kwenye baraza, hata kama pana nafasi nzuri.

Kuna na swali unapaswa kumuuliza fundi kabla ya yote haya: hivi bomba haliwezi kutoka ukutani? Ukikaa choo kwenye ukuta wa nje, kuna masinki ya choo yanayotoa maji kwa nyuma badala ya chini, bomba linapita kwenye tofali la ukuta juu ya sakafu na kushuka nje ya nyumba, slabu haiguswi hata kidogo. Bafu utalinyanyua sakafu kidogo lipate mteremko. Nyumba nyingi za ghorofa moja hilo linawezekana.

Kama fundi alishaanza na nondo imeshakatwa, usizibe. Acha wazi, weka mirunda chini ya slabu pande mbili za tundu, umwite injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje aone, yapo marekebisho ya kubandika bamba la chuma au utepe wa kaboni lakini hayo ni ya kupigiwa hesabu.

Nitumie vipimo vya chumba, picha ya dari kutokea chini baada ya kutoa jipsam, na bimu ziko wapi. Nikiviona nitakuchorea nondo kuu zinaelekea wapi na eneo gani uanze kupima.